Mkate Uliokataa Kuumuka Siku ya Kuvua Nguo Nyeusi

Mtaa wa San Roque,
Carigara, Leyte.
14 Mei 1996

Mpendwa Dada Remedios,

Kwa huzuni isiyo kifani, na kwa niaba ya jamaa wote wa hapa nyumbani ambao hawakunituma, natangaza kifo cha mkate mmoja. Ulikandwa Jumamosi jioni, ukafariki Jumapili alfajiri kabla ya kuumuka.

Kabla sijaeleza marehemu alivyouawa, u hali gani? Hiyo baridi ya Milano imekwisha? Magoti je? Na yule bibi unayemlea, bado anakutupia vijiko? Sisi wazima. Nguruwe wazima. Mimi mwili mzima, ila roho inatokota, na ukiona kalamu imetoboa karatasi mahali usilaumu posta.

Jumapili ilitimia mwaka tangu Mama atutoke. Tulivua nguo nyeusi kama ipasavyo. Shada lako lilifika, liko kaburini.

Unajua Kaka Crispulo alivyolitolea macho tanuri la Mama tangu siku ya mazishi. Anataka matofali yake ajengee banda. Tanuri lililotulea sisi watatu, Dada, liwe ukuta wa nguruwe kujikunia mgongo! Tumevutana mwaka mzima. Mwishowe akaniambia mbele ya mkewe Perpetua, "Haya, Tasyo. Siku ya Mama, tanuri likitoa kitu wageni wakala wakashiba, libaki. Likishindwa, Jumatatu nakuja na nyundo."

Nikakubali. Nilimkandia Mama unga miaka sita, mikono yake ilipoanza kuuma. Niogope nini?

Sasa sikia uhuni. Mkate wa Mama, wakumbuka, hauumuliwi kwa hamira ya dukani bali kwa tembo bichi la asubuhi. Nikaenda kwa mgema, Mzee Eutiquio. Yeye dumu la tembo bichi hulifunga kamba nyeupe shingoni, na lile aliloliacha ligeuke siki hulifunga nyekundu, ili hata mlevi asikosee. Nilimkuta juu ya mnazi. Nikamwita, akanijibu kwa kelele, "Jichukulie hapo chini, bwana! Sishuki kwa ajili ya mtu mmoja!" Nikajichukulia. Kamba nyeupe, Dada. Naapa kwa jina la Mama.

Nikakanda, nikafunika, nikalala. Alfajiri donge lilikuwa limelala kuliko mimi. Halikuinuka hata unene wa ukucha, na linanuka kachumbari. Nikalioka hivyohivyo, kwa hasira. Kikatoka kitu ambacho sikukipa jina.

Kaka akakipa. Alikuja na kikombe cha kahawa, akaugonga mkate kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama daktari. "Tasyo, huu mkate au tofali? Kama tofali, weka pale na wenzake. Banda limepungukiwa moja."

"Kacheke na nguruwe wako," nikamwambia.

"Nguruwe hawacheki, mdogo wangu. Wanangoja nyumba."

Ningemrushia ule mkate, na leo ungekuwa unasoma habari za msiba mwingine. Perpetua akatokea na panga. "Mmemaliza kutukanana? Misa inaisha saa tatu, na watu wanakuja na njaa. Tasyo, kuna nazi pale, kuna na mbuzi. Kuna!"

Sikuombwa ruhusa. Alikatakata mkate wangu kama anakata kuni, akauzamisha ndani ya tui, akapiga mayai, akatia sukari na ndizi mbivu, akaumimina kwenye sinia lenye majani ya mgomba, akaufunika, akausukuma tanurini na makaa mengine juu ya kifuniko. Mimi nikakuna nazi saba. Saba, Dada, tazama mwandiko wangu.

Kilichotoka humo sitakisifia. Nasema tu kwamba ule uchachu ulionifedhehesha ukakutana na sukari, ukawa kama umekamuliwa ndimu. Wageni walikomba sinia. Padri alirudi mara tatu, ya tatu akijifanya anatafuta kofia. Na kote ni, "Perpetua, mkono wako huo!" "Perpetua, marehemu angefurahi!" Mkate wangu wakaumeza wote, jina langu hakulitaja hata mmoja.

Kaka akafungua mdomo kuhusu nyundo. Mkewe akamkatiza, "Tanuri limetoa, watu wameshiba. Nyundo yako kavunjie nazi." Kaka akaufunga mdomo. Tanuri limebaki, na hapo ningeshukuru. Lakini Perpetua akanigeukia mbele ya watu: "Na wewe, shemeji, tangu leo kazi yako ni kuni. Unga niachie mimi."

Kuni! Miaka sita ya kukanda, nikapewa kuni!

Jumatatu nilimfuata Eutiquio. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hakusifiwa na mtu, akanitilia siki bure. Nilimwambia hivyo. Hata hakushuka. "Kamba nafunga mimi, bwana Tasyo," akasema, "macho je, nikufungulie?" Mzee mzima, mwongo hivyo!

Basi ombi langu ni hili. Wewe ndiye mkubwa wetu, na Perpetua anakuogopa. Mwandikie kwamba kosa ni la mgema, si la mikono yangu, na kwamba unga wa Mama urudi kwangu. Dumu lenyewe liko uvunguni mwa kitanda tangu siku ile, na kamba yake. Leo nalitoa, nimpelekee Perpetua kama ushahidi, aone haya.

Msalimie shemeji Benigno, na Marivic mwambie mjomba bado anamdai picha ya kipaimara. Kaka anakusalimu, nadhani, hatusemezani. Mungu akutunze huko ugenini, akupe magoti mapya na bibi mpole.

Nduguyo akupendaye hata akinuna,
Anastacio

Nyongeza: Nimelitoa dumu. Kamba ni nyekundu.