Buluu Iliyomzuia Mama

Kisiwa cha St. Helena,
South Carolina,
9 Aprili 1979

Mpendwa kaka Cephus,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe, wifi yangu Dorothea na watoto. Goti linaendeleaje? Najua utasema halijambo hata kama ngazi unazipanda kwa makalio. Baridi ya Philadelphia ina wenyewe, na wewe si mwenyewe. Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika kwa kusimama juu ya ngazi tangu Februari, na rangi imenikaa kwenye nywele hata nikizifunga kitambaa.

Ni ule ukuta wa ukumbi wa kanisa ninaouchora picha. Kamati ilitaka historia yetu, na ilitaka wakubwa: wahubiri, maandamano, watu walioandikwa magazetini. Nikawaambia hao wana kuta zao. Mimi nitawachora wanawake wafua nguo wa kisiwa hiki, na katikati nitamweka marehemu mama na kapu lake kichwani, mbele ya mlango wa Bi Lathrop kule mjini. Wakashangilia, maana hadithi ile nani asiyeijua? Mama alinituma na nguo zilizopigwa pasi, akaniagiza nisiachie kapu mpaka yule mzungu, aliyezoea kumwita Lavinia kama mtoto wa jana, atamke "Bi Gadsden". Sisi yeye tulimwita Bi Lathrop hata tukiwa jikoni kwetu. Nikarudi bila kapu, nikasema ametamka. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini.

Mwanzoni kazi ilikuwa tamu, kaka. Kila adhuhuri nilijinyoosha kwenye benchi, usingizi ukinichukua mama huyo anakuja. Anakaa anakunja shuka jeupe lisilo na mwisho, nami nikiamka naikimbilia brashi kabla hajanitoka: leo kiwiko, kesho shingo. Kisha nikafika kwenye anga. Rangi ikaniishia, nikachukua kopo la ile buluu tunayopaka dari za baraza na fremu za milango. Tangu siku hiyo mama hakuja tena, na uso wake ukabaki duara jeupe ukutani. Nililala mpaka mbavu zikauma. Hakuja.

Unamkumbuka Dada Idella, aliyekuwa akifua na mama. Aliniletea wali na bamia, akautazama ukuta, akashika kiuno. "We Vernell, hicho ni kichwa au boga? Buluu ya kufukuzia mizimu ndiyo unamzungushia mama yako! Mizimu haivuki maji; ataiona ni maji, masikini, atavukaje?" Nikacheka. Akasema nicheke tu, lakini kama si rangi, basi kuna kitu ninamficha mama. Kicheko kikanikauka. Nikamwambia hili ninalokuambia sasa.

Kaka, Bi Lathrop hakutamka. Nilikuwa na miaka tisa. Alisimama mlangoni akanitazama, mimi na kapu langu, nikaogopa, nikaliweka chini, nikakimbia. Uongo niliutunga njiani. Na najua umeishi kwa uongo huo. Msimamizi wako kiwandani alipokuita "kijana" nawe una mvi, ukaweka nyundo chini ukaondoka, uliniandikia kwamba mama alishinda, kwa hiyo nawe huwezi kushindwa. Nililia, kisha nikakupongeza. Nisamehe, kaka.

Dada Idella hata hakushtuka. Alisema mama alijua tangu Jumatatu iliyofuata. Walikwenda pamoja kuchukua nguo za kufua, na Bi Lathrop akapaza sauti toka barazani, "Lavinia, katoto kako kalikimbia kama kuku!" Mama akamjibu kwamba Bi Gadsden hafui tena hapa, akajitwika kapu tupu, akageuka. Unakumbuka mwaka ule wa wali mtupu, tulipoambiwa Bi Lathrop amehama? Hakuhama popote. Mama akaisimulia hadithi kanisani vilevile nilivyomletea, akamwapisha Idella asiniumbue. Eti mtoto ameshaogopa ya kutosha.

Nimeikwangua buluu pembeni, upana wa mlango mmoja. Adhuhuri ile ile mama akaja, akaliweka shuka chini, akanitazama usoni. Sasa yuko ukutani mzima. Ameupa mgongo mlango wa Lathrop, anakuja upande wetu na kapu tupu, nami nipo nyuma yake, nimeshika upindo wa gauni.

Kamati ilitaka maelezo marefu chini ya picha. Nimeandika maneno matatu: Bi Lavinia Gadsden. Tunauzindua ukuta Jumapili ya kwanza ya Mei, na wageni wa mjini wamealikwa, mjukuu wa Bi Lathrop akiwemo. Dada Idella ameshampangia kazi: mjukuu huyo ndiye atakayelisoma jina hilo, kwa sauti, mbele ya kanisa zima. Njoo, kaka, hata kwa goti hilo. Nataka tulisikie sote wawili.

Wabusu watoto, na mwambie wifi bamia zake nimezikausha. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Vernell