Raba Hizi Hata Sizihisi

Majengo, Thika
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa mdogo wangu Irshad,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii imekufikia salama, kazi inakwenda, na lile joto la Doha limeanza kukuonea huruma. Ukitaka kujua habari za huku, Mama ni mzima, anakusalimu na anauliza kama kile kikohozi kimeisha. Mimi pia ni mzima, bado nashona sare za shule na bado naumwa mgongo. Ya Baba yatakuja yenyewe. Usiruke mistari kuyatafuta, nakujua.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu kama watu wa zamani ilhali tunaongea kwenye simu kila Ijumaa. Nyumba yetu unaijua. Kati ya kitanda cha Baba na mahali ninaposimama kukupigia kuna pazia tu, na masikio ya mzee hayana ugonjwa wowote. Nikikutumia ujumbe atausoma, maana simu yangu ni yake pia. Mwenzako wa kazini, Mutinda, anarudi huko kesho kutwa likizo yake ikiisha, kwa hiyo nimeona nimpe barua akuletee mkononi.

Unakumbuka mwaka jana Baba alipopatikana na sukari. Usilojua ni kwamba siku ile alirudi kutoka kliniki, akaketi, akaomba chapati. Alisema mtu aliyepikia harusi nusu ya Thika na Ruiru hawezi kuambiwa na daktari mdogo kuliko mimi Farhiya kwamba chakula ni adui. Alisema pia kwamba tumbo lake ndilo bango lake la biashara, na hakuna mama wa bibi harusi atakayemwita mpishi aliyekonda, kwa sababu mpishi aliyekonda ama hajui kupika ama ana maradhi. Mama alilia. Mimi nilifoka, nikaficha sukari, nikamwaga soda. Alinunua nyingine kwa Erastus mwenye bucha na kuinywa huko huko amesimama.

Kisha wewe ukatuma sauti yako. Maneno machache tu, kwamba ukirudi kuoa unataka umkute amesimama mbele ya sufuria yako na mwiko mkononi, si picha yake ukutani. Baba alisikiliza, akanirudishia simu, akaniuliza mboga za managu hupikwaje bila mafuta mengi. Nilikasirika, Irshad, nakwambia ukweli. Katika nyumba hii kuna mtoto wa kusema na mtoto wa kusikizwa. Lakini nilizipika hizo managu, na alikula, uso umekunjamana kama anakunywa dawa.

Baada ya Idi zikafika zile raba ulizomtumia. Za buluu, soli nyeupe, nzuri kweli. Namba uliikumbuka kutoka vile viatu vyeusi alivyovaa siku ya kukusindikiza uwanja wa ndege. Baba maisha yake yote ni mtu wa sandali za tairi, na mguu uliozoea sandali hujitandaza unavyotaka. Alizivaa akiwa ameketi kitandani, Mama akimfungia kamba. Akatembea hadi mlangoni na kurudi. Akasema raba za Ulaya ni kitu kingine, hata hazihisi miguuni. Nilimrekodi akiyasema tena ili nikutumie. Ulituambia uliwachezea wenzako chumbani na wote wakacheka kwa furaha. Sisi pia tulicheka.

Ukatuelekeza na namna ya kufanya. Kila asubuhi baada ya alfajiri, mvua au jua. Ukasema mwili ni mvivu na hutafuta visingizio, na kwamba maumivu ni ya akilini, ukiyasikiliza umeshindwa. Ulimtumia na picha zako ukinyanyua vyuma. Baba alikuwa akisikiliza sauti zako akifunga kamba, kama mtu anayesikiliza mawaidha. Kisha anatoka, mimi nyuma yake, tunashuka hadi daraja la Chania na kupanda tena. Siku za kwanza alisimama kila penye mti. Erastus alikuwa akifungua bucha, akamwuliza mzee anakimbizwa na nani, na Baba akamjibu kwamba anakimbizwa na nyama yake. Baadaye Erastus aliacha kumcheka, akawa anamngoja ili amsalimie. Nadhani alimwonea wivu kidogo.

Kuhusu chakula, alijifunza mwenyewe njia ambayo sisi hatukuiwaza. Mpishi hawezi kuacha kuonja. Basi akawa anaonja kama anavyoonja mwezi wa Ramadhani, anagusisha mchuzi kwenye ncha ya ulimi, anatema pembeni, anasukutua. Alisema kama anaweza mwezi mzima kwa ajili ya Mungu, anaweza siku moja kwa ajili ya mtoto wake, na kila siku ni siku moja tu. Kule Ruiru mama mmoja wa bibi harusi alimwona akitema pilau akaja juu, akidhani limeharibika. Tulicheka njia nzima siku hiyo. Mkanda wake nilimtobolea tundu jipya kwa mkasi wangu. Nimekaa na Baba miaka yote hii, na sikuwahi kumwona akijipenda namna ile.

Kulikuwa na asubuhi za Julai, baridi unaijua, ambapo alisimama mlangoni akitazama umande na nikaona moyo umemtoka. Hapo alikuwa akiinama kuzitazama raba zako. Anatoka. Na wewe ukimwuliza kwenye simu kama anaumia popote, anakujibu kwa majivuno kwamba hana maumivu hata kidogo, wazee wenzake ndio wanaolalamika magoti.

Sasa nifike kwenye ya Baba.

Mwezi wa nane aliitwa kupika harusi Mugutha. Alisimama kwenye moto tangu asubuhi na raba zake, mimi nikikata vitunguu. Upepo ulipogeuka nilisikia harufu. Nilidhani ni nyama, nikaikagua nyama, ilikuwa safi. Alipovua raba ili atawadhe nikajua harufu inatoka wapi. Soksi ya mguu wa kulia ilikuwa imegandamana na ngozi. Nilimwambia asimame. Akaniuliza kuna nini. Nilipoivuta soksi ilitoka na kitu, na Baba alikuwa bado ananitazama usoni akingoja nimjibu. Kando ya kidole cha mwisho, pale raba inapobana, palikuwa na shimo. Lilikwenda hadi chini ya wayo. Nilitia kidole changu pembeni nikamwuliza kama anasikia. Akaniuliza asikie nini.

Mara tano kwa siku aliimwagia maji ya udhu miguu hiyo. Macho yake yamefifia, tumbo halimruhusu kuinama mpaka chini, na mkono ukipita haraka ngozi haikumjibu kitu. Mama ndiye aliyekuwa akifua soksi. Maji yalikuwa yakitoka mekundu, naye alidhani ni udongo wetu wa Thika, akamgombeza Baba asiwe anakanyaga kule kunakochimbwa barabara. Mama hataki kabisa jambo hilo litajwe, na ukimpigia usimtajie.

Hospitalini muuguzi mmoja, Wamboi, alinieleza kwa upole kwamba sukari huua mishipa ya fahamu miguuni, mtu anaweza kukanyaga msumari akaendelea na safari yake. Akaniuliza kama Baba hakuwahi kulalamikia viatu. Nilimwambia hapana, alivisifu. Akataka kujua alivisifu vipi. Nilimwambia lile neno. Wamboi aliangalia pembeni, kisha akasema kwamba mguu ule ulihitaji kitu kipana na laini, na kwamba kila jioni mtu mwenye macho mazuri alitakiwa kuukagua. Hakuna kati yetu aliyekuwa na habari hiyo. Kama tuliambiwa kliniki mwaka jana, basi tuliambiwa siku ile ambayo masikio yote yalikuwa kwenye chapati.

Walianza na vidole viwili. Haikusaidia. Ijumaa ile tuliyokwambia Baba amekwenda kupika Mwingi ambako mtandao ni mbaya, alikuwa amelala wodini na mguu wa kulia umekatwa chini ya goti. Na ile picha yake ya mwezi uliopita, ambayo uliisifu kwamba amepungua uso, nilimpiga akiwa kwenye kiti cha magurudumu nikaikata kifuani. Sasa umejua kwa nini pale juu sikuandika kwamba sote ni wazima.

Yeye ndiye aliyetuapisha. Alipozinduka kitu cha kwanza alichouliza si mguu, aliuliza kama umeshapiga. Akasema ukijua utaubeba mguu wake maisha yako yote, nawe uko nchi ya watu, huna wa kukushika mkono. Nilimkubalia. Nilikuwa tayari kuendelea hivyo mpaka urudi.

Lakini tangu atoke hospitali Baba ameacha. Ninaposema ameacha namaanisha kila kitu. Anawatuma watoto wa jirani wamletee mandazi na soda. Nikimwekea ugali wa wimbi ananiuliza ajinyime ili atembee aende wapi. Nikimtajia harusi yako anasema utapata mpishi mwingine, Ruiru wamejaa. Watu waliokuwa wakimwita kupika hawamwiti tena, na bango lake la biashara limerudi kumea. Wiki hii niliukagua mguu wa kushoto. Ni baridi, na kisigino kina mstari mweusi ambao haukuwapo. Wamboi ameuona. Amesema kama sukari haitashuka, tutarudi wodini, na safari hii kwa mguu huo. Nimembembeleza, nimemtukana, Mungu anisamehe, nimepiga magoti. Ananitazama kwa upole, anamega andazi.

Halafu Alhamisi akaja Mutinda na kifurushi chako. Maskini hakujua lolote. Aliingia akicheka, akamwona Baba kitini, na kicheko kikamkwama. Baba alimwambia akae, akamwagiza Mama alete chai, akafungua sanduku kwenye mapaja. Raba nyingine, nyeusi, namba ile ile. Tukasikiliza na ule ujumbe wako kwamba hizi ni zawadi ya kutimiza nusu mwaka wa mazoezi na asikuangushe. Baba akaitoa ya kushoto, akaisukumiza kwenye mguu wake hadi ikaingia, akamgeukia Mutinda. Akamwambia akifika akupe salamu, akwambie zimemtosha vizuri, hata hazihisi.

Mutinda alitoka nje kulia. Mimi nilipiga magoti nimvue, Baba akanikataza, tukavutana kiatu kama watoto. Alisema anataka kukaa nacho tu, angalau usiku ule, kwa sababu kimetoka kwako. Niliingiza mkono ndani ya kiatu nikapima. Mkono wangu ulibanwa.

Basi nimevunja kiapo. Sikuandika ili ujilaumu, ingawa utajilaumu na siwezi kukuzuia kutoka huku. Ulimpa Baba sababu ya kuamka, na alikuwa na furaha. Hilo lilikuwa kweli na hata sasa ni kweli. Nimeandika kwa sababu Baba hanisikii mimi, anakusikia wewe, nawe umekuwa ukizungumza na mtu mwenye miguu miwili. Mpigie Ijumaa. Mwambie unajua. Usimwambie atembee na usimwambie maumivu ni ya akilini. Mwambie ale. Mwambie jiko la harusi yako litainuliwa kwa mawe mafupi na atapika ameketi, na kama hatapika yeye basi hamna harusi. Atalia, huenda atanifukuza nyumbani kwa kusema. Acha anifukuze, mradi amekula.

Kama unaweza kuja, njoo. Kama huwezi, usitume kitu chochote cha kuvaa miguuni. Kuna fundi hapa Kiandutu, Kyengo, anamtengenezea sandali moja ya tairi, pana, na ndani ataweka sponji.

Mama anakusalimu tena. Erastus pia anakusalimu. Siku hizi humfungia Baba maini na kunikabidhi. Baba mwenyewe yuko hapa mlangoni juani, ananitazama nikiandika, anadhani nakushukuru kwa niaba yake. Ameniagiza mara mbili nisisahau kukwambia kwamba raba zimemtosha. Ya kushoto nimeificha juu ya kabati asije akaivaa nikiwa kazini. Ya kulia Mutinda atakupa pamoja na barua hii. Kwetu hapa haina mguu.

Wasalaam, Mungu akulinde.

Dada yako,
Farhiya Salehe