Muzungu Aliyepima Mioyo ya Mabinti

Nchelenge, siku ya ine, mwezi wa kumi.

Joto la leo ni la kuwakausha samaki wangali majini. Ziwa limelala, upepo hakuna, na mimi nimejaa hasira. Ninaandika Kiswahili cha kwetu Pweto, ng'ambo ya ziwa, sababu hapa misheni wanaokisoma ni wachache. Vizuri. Nitasema yote.

Leo alikuja mama muzungu kutoka miji ya migodi, eti fundi wa tabia za watu. Anamtazama mutu, anamuuliza maswali mawili matatu, halafu anamwambia kazi aliyoumbiwa. Hata mganga huomba kuku kwanza. Huyu aliomba kiti, maji ya kunywa, na mimi niwe mkalimani wa Kiingereza chake.

Wasichana wa darasa langu walipita mbele yake mmoja mmoja, wazazi wamekaa nyuma. Aliyeinamisha macho akaambiwa ana moyo wa upole: nesi. Aliyecheka: mwalimu. Nilitafsiri huku nimeuma meno. Huyo mpole ninamjua. Juzi alimpiga dada yake kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika.

Kisha akaitwa Kasuba, binti wa mvuvi wa hapa ufukoni.

"Ukiona mutoto analia njiani, unafanya nini?"

Kasuba akafikiri. "Nitauliza kwanza ni mutoto ya nani."

Kwetu hakuna jibu lingine. Lakini muzungu akatikisa kichwa. Moyo mgumu, akasema, akili nzito. Huyu anafaa kufua nguo katika nyumba za Wazungu.

Kufua!

Baba yake akanigeukia. "Ba Mwalimu, anasema nini juu ya mutoto wangu?"

Nilijua kuna mchuuzi wa samaki, mzee mwenye wake wawili, anayemtaka Kasuba. Nilijua pia baba alikuwa anangoja tu neno la leo ili akubali posa. Nikamtazama muzungu anavyojipepea, nikafungua kinywa.

"Anasema mutoto wako ana akili ya unesi. Asiolewe kwanza."

Baba akachuchumaa, akapiga makofi ya heshima. Muzungu akatabasamu. Alidhani anashukuriwa kwa ajili ya kufua.

Sikuona haya. Hata sasa sioni. Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja kuliko watu wote wa ziwa hili.

Jioni Kasuba akaja jikoni kwangu. Kumbe Kiingereza anakisikia vizuri kuliko nilivyofikiri.

"Ba Mwalimu, nilisikia. Alisema kufua."

"Alisema upuuzi. Nimekuokoa."

"Kwa ile ndoa, asante. Lakini unesi sitaki. Nikiona damu natapika. Mimi nataka kuuza samaki. Nipande lori na mizigo yangu mpaka mujini, nibishane bei mpaka wanunuzi wachoke."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Hakusema kwa ukali. Akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Yule muzungu, pamoja na ujinga wake wote, alimuuliza angalau jambo moja. Mimi niliyemfundisha kusoma sikumuuliza hata hilo. Nilimvika kazi kama mutu anavyomvika mutoto nguo, na nikajisifu njia nzima.

Sasa ninasikia baba yake anatangaza kwa wavuvi wenzake kwamba amezaa nesi. Wanamshangilia.

Asubuhi nitamwendea huyo baba kabla hajashusha mtumbwi. Nikimwambia ukweli, mzee wa wake wawili anarudi. Nikinyamaza, Kasuba anakwenda kutapika hospitali.

Safari hii nitamuuliza Kasuba kwanza.