Shibiri Mbili Kati Yao

Kwako Baba Boke,

Umeamkaje huko Macalder? Mgongo bado unauma ukitoka shimoni? Na Boke wetu, kikohozi kimeisha? Dada yako Robi anayekaa naye hapo Migori ananiambia kimeisha, lakini Robi hata nyumba ikiungua atasema ni moshi wa chai. Niambie wewe. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hautulii. Barua hii nimeianza mara tatu, kila mara nainuka kukunja nguo ambazo nimeshazikunja.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yako ilizama kwenye maji ya kuosha dhahabu, na haya siwezi kuyapitisha kwa Robi. Auma wa Kendu Bay, anayefanya kazi mtaa huu wetu, anarudi nyumbani wiki hii, atakuletea.

Unakumbuka lile tangi la bosi, la maji ya chumvi, refu kama kitanda chetu? Ulinicheka: "Mama Boke, umeenda Doha kuchunga samaki na huku tuna ziwa zima!" Sasa si samaki tu. Kuna matumbawe. Ukiyaona utasema ni maua yameota juu ya mawe, kumbe ni wanyama, yana midomo na yanakula. Bosi anayapenda sana. Kazi yangu mimi ni kusafisha kioo kwa ile sumaku yake inayosugua kwa ndani, basi. Kupanga vitu vya ndani ni kazi ya Thomas, Mhindi anayekuja kila Alhamisi.

Sasa Jumapili, bosi akiwa safarini, nikaligonga na sumaku tumbawe moja la kijani lenye vichwa vitatu. Likaanguka kifudifudi kwenye mchanga. Woga! Nikaosha mkono, nikaliinua, nikatafuta pa kuliweka. Karibu hapo kulikuwa na lingine la kijani vilevile. Nikaliambia, haya, rudi kwa ndugu yako. Si unajua kwetu kifaranga akipotea unampeleka kwa kuku wa rangi yake? Nikaliegemeza hapo likagusana na mwenzake, nikaona nimefanya jambo zuri.

Jumanne likaanza kuchubuka. Nyama inatoka, mfupa mweupe unabaki. Kufika Alhamisi vichwa viwili vimekufa, na bosi ndio huyo amerudi. Hata viatu hakuvua.

"Thomas, umetia nini kwenye maji yangu?"

"Maji ni mazuri, bwana. Nimeyapima sasa hivi."

"Maji mazuri hayaui. Jumamosi uniletee ufunguo wa nyumba, na usirudi."

Thomas akanifuata jikoni. Akaniuliza polepole, "Dada, wewe unaliangalia kila siku. Hukuona kitu?"

Nikasema sikuona. Baba Boke, nilisema hivyo nikimmiminia chai! Mtu ambaye ana binti wa umri wa Boke, kila wiki ananionyesha picha yake. Lakini nilikuwa nafikiria likizo ya Disemba. Miaka miwili inaisha na bosi bado hajasema ndiyo wala hapana. Akikasirika, tiketi hakuna. Na wewe hukuwepo siku ile nilipopiga simu ya video, Boke akajificha nyuma ya sketi ya Robi, akauliza, "Huyo ni nani?"

Ijumaa alfajiri, kabla taa za tangi hazijawaka, nikamulika na simu. Mungu wangu. Yule niliyemwita ndugu alikuwa ametoa nyuzi ndefu nyeupe, nyembamba kama nyuzi za wavu wa kuvulia omena, anampapasa mwenzake palepale penye kidonda. Mchana wote huwa amezificha, anakaa mpole kama mtu wa kanisa. Nikajua Thomas hana kosa. Ni mimi nilimpeleka mgonjwa kwa adui.

Nikampelekea bosi chai. Nikamwambia yote. Akauliza, "Nani alikuambia ni ndugu?"

"Rangi, bwana."

"Hawa wanapigania nafasi. Ukiwagusanisha, mmoja anamla mwingine."

Sijui mdomo ulitoka wapi. Nikamwambia hata kwetu tunajua hilo, ni vile tu nilisahau. Babu yangu alikuwa na wake watatu na nyumba zao hazikugusana. Nyanya alikuwa akisema, "Ninawapenda wenzangu kwa sababu moshi wao hauingii kwangu." Bosi akanitazama. Hakucheka. Akampigia Thomas simu, akamwambia arudi kazini, na ufunguo abaki nao.

Thomas hakunigombeza. Alisema tu, "Dada, ile chai yako ilikuwa chungu." Halafu tukaligandisha tumbawe pamoja kwenye jiwe lingine, mimi nikipima kwa mkono: shibiri mbili kati yao.

Siku tisa bosi hakunisemesha. Nilisugua hata nyuma ya friji. Kila alfajiri ninamulika kile kichwa kimoja kilichobaki. Leo kimefunguka, vidole vyake vidogo vya kijani vikicheza. Bosi alikuwa nyuma yangu, sikumsikia. Akasema, "Kabla hujaondoka Disemba, mwonyeshe mwenzako atakayeshika zamu yako jinsi unavyopima." Akaenda zake.

Kabla hujaondoka! Nimeyarudia maneno hayo mpaka sasa. Tiketi sijaiona kwa macho, kwa hivyo usitangaze.

Nisalimie Robi, mwambie asante kwa kumlea mtoto wangu, na aache kunificha mambo. Mama yangu kule Kendu Bay mwambie ninasali. Mzee wako, baba mkwe, nimemnunulia sweta.

Na jambo moja ninakuomba. Tukikutana pale stendi, usimsukume Boke kwangu ukimwambia, "Nenda, huyo ni mama yako." Mwache asimame mbali kidogo aniangalie. Nitachuchumaa nikae hapohapo. Atakuja mwenyewe.

Wako, anayehesabu siku,
Mama Boke