Kitambaa cha Mama na Kitabu cha Umeme

Laare,
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa dada yangu mpendwa, Mama Ireri,

Nakusalimu wewe na wote wa boma letu. Mvua imefika huko Mbeere, ama bado mnaangalia mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Mtama umeota? Mbuzi wa mama wamezaa? Huku Nyambene ukungu haujainuka wiki nzima na nguo zangu hazikauki. Mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Roho ndiyo haijatulia, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Utashangaa kuona Kiswahili kama tuko shule. Nimefanya makusudi. Mama anasoma lugha yetu, na sitaki akutane na maneno haya kabla yako. Akikuuliza nimesema nini, mwambie Muthoni ni mzima, anakula vizuri, anashukuru sana kwa vitambaa. Najua siku hizi anapenda umsomee wewe, ati sauti yako ni tamu, kwa hivyo hapo hutapata shida.

Barua yako ilinichekesha, pale uliposema mama alikanyaga kifaranga mchana kweupe kisha akamgombeza kifaranga. Nilicheka mpaka nikamhadithia Mzee Baariu. Yeye hakucheka. Nikajiambia labda mzaha wa kwetu haufiki huku juu.

Huyu Mzee Baariu ni baba ya mwajiri wangu, Kaberia, yule mnunuzi wa miraa inayopelekwa London kwa ndege. Kazi yangu unaijua. Chumba kile watu wanafunga miraa kwa majani ya migomba, chumba hiki mimi naandika hesabu kwa kompyuta. Lakini kuna kazi nyingine sijawahi kukueleza vizuri, na ndiyo imenila roho.

Mzee alikuwa mwalimu, na mwalimu hawezi kukaa bila kusoma. Sasa ana presha ya macho, ule ugonjwa unaokula macho polepole. Gazeti lilimshinda hata na miwani. Ndipo kijana wake mwingine, aliye London, akamtumia kitabu cha umeme. Ni kibao chenye kioo, kinawaka kwa ndani, na herufi unazikuza mpaka ziwe kama za bango la duka. Mzee anakiita ibuku tu, kama kitabu kingine chochote. Mimi hupiga chapa habari za gazeti na sura za Biblia kwa kompyuta, halafu naziingiza kwa ibuku. Ina kiti chake cha plastiki, chenye vijino vya shaba, na waya unaotoka hapo kwenda nyuma ya kompyuta. Ukiikalisha kwa kiti, inapokea maneno na inapata chaji kupitia vijino hivyo hivyo. Mzee huja Jumamosi kuichukua, anasoma siku kadhaa, anairudisha katikati ya wiki ijazwe tena.

Sasa vile vitambaa mama alivyofuma nilivivalisha kila kitu: skrini, printa, hata kibodi. Kile kidogo chenye tundu katikati, ambacho nilimtumia kipimo cha karatasi, nilikitandika kwa kiti cha ibuku. Vijino vikatokeza pale kwenye tundu vizuri kabisa. Kaberia akasema ofisi imefanana na sebule ya mtu, nikajisikia.

Haikupita muda, kompyuta ikaniambia haioni kitu. Ibuku imekaa kwa kiti, waya uko, lakini yenyewe inasema hakuna kilichounganishwa. Nikaitoa, nikairudisha, ikaiona. Kesho yake ikakataa tena. Mwishowe ikakataa kabisa. Nilizima kila kitu nikawasha. Nilichomoa waya, nikajaribu tundu lingine, mausi nayo ikagoma kwa sababu nilikuwa nimeichomoa kwa tundu lake. Nikatoa programu yote ya ibuku na kuiweka upya kutoka kwa sidii iliyotoka London. Hapo ikaniuliza kama nifute kila kitu kilichomo. Nikabonyeza hapana, nikakaa nimeshika kifua.

Nilimpigia simu fundi mmoja wa Meru mjini. Akasema labda ni ule ugonjwa wa kompyuta unaongojewa mwaka elfu mbili umefika mapema. Nikamuuliza ni ugonjwa gani unatangulia siku yake mwenyewe, akasema ana wateja, akakata.

Halafu ibuku ikaisha chaji na kioo kikawa cheusi. Mzee alikuja, akaigeuza geuza mkononi, akairudisha mezani. Kaberia ndiye alisema. "Muthoni, hii ndiyo macho ya baba. Hana mengine. Jumamosi nataka kumwona akisoma." Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. Mimi nilikuwa naona nimemzimia mzee wa watu taa ya mwisho, na sijui hata nilipokosea.

Na hapo bado hujasikia la kuogopesha. Unajua vile wanatusema sisi wa Mbeere. Ukitoka kwetu, hata kuku wa jirani akikohoa ni wewe umemroga. Kwa utani mimi huvumilia, nawaambia wanilipe basi niwaondolee. Wiki hii haikuwa utani. Kuna mama anaitwa Kanana, yeye ni wa kufunga miraa, alisema mlango ukiwa wazi, ili nisikie, "Mashine ya mzee ilikuwa nzima mpaka huyu alipoivalisha nguo za kwao." Mwenzake mmoja akasema kama ni hivyo wazee waitwe, kila mtu ale kiapo cha kimila, ukweli utajulikana. Niliendelea kupiga chapa lakini sikujua ninapiga nini. Mimi ni mtu wa kanisa, nitakula kiapo namna gani? Na nikikataa, si watasema ndiye huyo?

Ijumaa mchana, wengine wakiwa wameenda chakula, nilikisogeza kiti mpaka dirishani kwenye mwanga. Nikainua kitambaa. Dada, uzi ulikuwa umefumuka pale kwenye ukingo wa tundu, ukaingia kati ya vijino, na kila nilipokalisha ibuku nikaukaza zaidi, mpaka ukajizungusha na kujifunga fundo. Ibuku ilikuwa imekalia uzi. Haingeguswa na shaba hata ningeweka programu mia.

Ungedhani nilifurahi. Uzi kutoka Mbeere, umefungwa fundo kwenye macho ya mzee, chini ya kitambaa nilichokitandika mimi. Nani angesikiza habari ya chaji? Nilichukua sindano nikaanza kuutoa. Mlango ukafunguka, ni Kanana.

"Unatafuta nini hapo?"

"Natoa vumbi," nikasema.

Alisimama kidogo akiniangalia, kisha akachukua kamba yake akaenda. Uzi ulikuwa ndani ya ngumi yangu. Niliutia kifuani pamoja na kitambaa chenyewe, nikakalisha ibuku kwa kiti, na taa yake ndogo ikawaka. Kompyuta ikaiona mara moja. Nikalia kimya kimya, nikaingiza gazeti lote, na Zaburi juu yake.

Jumamosi Mzee alikuja amevaa koti lake la kanisa. Kaberia alikuwa nje anapakia gari. Nilimketisha, nikampa ibuku mkononi ikiwa imewaka, herufi kubwa kabisa. Hata niliporudi nyuma mpaka mlangoni, bado nilizisoma.

Akainama juu yake. Akaisogeza, akaiinamisha upande. "Bado hujaiwasha," akasema.

Nilitaka kusema imeharibika tena, ningependa sana kusema hivyo. Afadhali nifukuzwe.

"Muthoni, washa basi."

Akaweka kiganja juu ya kioo, akakiacha hapo. "Ina joto," akasema. Kisha, "Kumbe ni mimi."

Nikasogea karibu yake, nikaanza kumsomea kwa sauti maneno yaliyobaki nje ya kiganja chake. Nilisoma vibaya, napotea mistari. Alinisimamisha katikati. Nikadhani atalia, lakini aliniuliza, "Yule mama yako wa kifaranga, ana umri gani?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Siku ile sikucheka kwa sababu mimi nilianza na mbwa. Nilimkanyaga mlangoni, jua likiwaka, nikampiga na fimbo kwa kulala njiani. Mwalimu mzima. Huu ugonjwa hauumi, mwanangu. Unaanza kando kando, unabaki kuona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwa mwanzi. Nilikuwa naruka mistari nikisoma, nasema ni uchovu. Nilipofika kwa daktari akaniambia ningekuja mapema dawa ya matone ingenisaidia. Kilichobaki kinaweza kulindwa. Kilichokwenda hakirudi."

Alimwita Kaberia akamwambia mwenyewe. Hakuna mtu amenitaja tena, wala wazee hawaitwi. Kaberia amesema nitakuwa namsomea baba yake kila jioni, na mzee anataka kuishika ibuku yeye mwenyewe na kufungua ukurasa nikimwambia. Kwa hivyo kazi iko. Ungedhani hofu imeisha.

Nilirudi nyumbani na vitambaa vyote vya ofisini, na kile cha kiti nikakitoa nilipokuwa nimekificha tangu Ijumaa nikakitandaza kitandani. Mama Ireri, uzi haukukatika. Mishono imerukwa. Pale kwenye ukingo wa tundu imerukwa mahali pengi, na upande wa kushoto ua moja halikumalizika kabisa, linaning'inia. Nikatoa na vile vingine. Ni hivyo hivyo. Vya zamani, vile vya mwaka ule nilipoondoka, havina kosa hata moja. Huyu ni mama aliyefumua kazi yangu ya mwezi mzima kwa sababu ya mshono mmoja, nikalia, akasema nilie nikifuma. Mama harukwi na mshono. Niliogopa kuliko nilivyomwogopa Kanana, kuliko kiapo, kuliko chochote nilichoogopa wiki hii.

Nimekitia kitambaa ndani ya bahasha hii. Kiangalie mwenyewe juani, usiseme ni mimi nina wasiwasi wa bure kama kawaida yangu. Nikikumbuka barua zako zote za mwaka huu: uji ulimwagika kando ya kikombe, alijigonga kwa mlango wa ghala, alimpita mama mchungaji njiani bila salamu mkasema ana kiburi cha uzee. Tulicheka yote. Mimi ndiye nilicheka zaidi.

Nisalimie shemeji, mwambie pole kwa mgongo, na asibebe magunia peke yake. Msalimie mjomba wetu wa kule mtoni na umwambie redio yake nimeulizia vifaa. Msalimie mama mdogo, yeye anayeimba kwaya, na Ireri, mwambie asome kwa bidii. Mchungaji naye mwombe atukumbuke, bila kumweleza mengi.

Mama usimsalimie kwa barua hii. Nimeandika Kiswahili ili asiisome, na nilipofika hapa nikajiuliza, ni lini mara ya mwisho ulimwona akisoma mwenyewe? Mimi sikumbuki.

Fanya hivi. Jioni ya siku utakapopata barua hii, kabla jua halijashuka, mpe Biblia yake. Usimfungulie Zaburi, hizo anazijua kwa kichwa na atakudanganya. Mfungulie kitabu cha Hesabu, mahali asipopazoea, umwambie akusomee mstari mmoja tu. Akisoma, nicheke unavyotaka. Akikurudishia kitabu na kusema sauti yako ni tamu, mpeleke hospitali ya macho kesho yake asubuhi, usingoje mvua.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka,
Muthoni