Vijiti vya Kijani Bado Vimesimama

Shamba la chai, Usambara

Mke wangu Mama Selemani,

Natoa tangazo kwako, kwa mwalimu anayekusomea, na kwa watu wa Mtinko waliokuja kusikiliza bila kualikwa: juzi, baada ya miezi minne, kidole changu kidogo cha mguu wa kulia kimekauka. Vingine tisa bado vimelowa.

Hujambo lakini? Selemani anakula? Mimi mzima, ila huku hakuna hata mtu mmoja wa kuongea naye Kinyaturu. Jumapili huongea na jembe.

Tunachimba mifereji katika bonde la majimaji juu mlimani. Limejaa nyasi usizozijua: hazina majani, ni vijiti vitupu vya kijani, vimesimama wima kama sindano za kushonea magunia. Nilipoziona siku ya kwanza nilifurahi, nikaanza kuchimba kisima, kama tunavyofanya nyumbani tukiona kijani kiangazi. Nyapara akaniuliza, "Wewe mtu wa Singida, unatafuta nini?"

"Maji, mzee."

"Na haya uliyosimama ndani yake ni uji?"

Tangu hapo naitwa Fundi Kisima.

Tuliambiwa bonde likikauka kazi imekwisha, twende kwetu. Dalili ya kukauka ni nyasi hizo kufa. Hazifi. Unazikata Jumatatu, Ijumaa zinakuchungulia. Nikamkumbuka kaka yako alivyoapa kwamba nisipoonekana kwenye mavuno ya uwele atakuchukua na kurudisha ng'ombe wangu wa mahari. Basi Jumapili, wenzangu wakiwa kanisani, nilizikata zote za upande wetu hadi chini, nikatandaza udongo mkavu niliouchota chini ya ghala.

Bwana shamba akaja, akatazama, akaridhika, akapiga hatua moja. Mguu ulitoka, buti likabaki.

Akauliza nani amekata vizuri namna hii. Nyapara akanisukuma mbele. "Fundi Kisima, bwana." Wenzangu wataruhusiwa hili likikauka. Mimi nimepewa bonde la pili.

Mwalimu, hapa soma taratibu, na wale wa mlangoni wakaangalie mbuzi zao. Mama Selemani, nikikaa kula huwa nakuachia nafasi upande wa kulia, halafu naona haya. Mwambie kaka yako asubiri. Kama hutaki kumwambia, nijulishe hilo pia.

Mpe mama yako shikamoo yangu. Mama yangu mwambie blanketi lake ndilo koti langu. Shemeji msalimie, kwa adabu.

Mimi mumeo,
Baba Selemani

Uwele unavunwa mwezi ujao. Bonde la pili ni kubwa kuliko la kwanza.