Mashine ya Ndani Imeamka

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Yeyo, mama mkwe wangu, amefika kutoka Bisil. Vumbi hadi kwenye kope. Amebeba kibuyu cha maziwa na kitu kilichofungwa kwa shuka — laptop ya baba Nashipae. (Jina silitaji. Kwa watu wa mume wangu, mtu akishaondoka jina lake halisemwi tena, na mimi Mkamba niliyeolewa huku nimezoea hivyo hata hapa siliandiki.) Miaka miwili imekaa kwenye sanduku la Yeyo, tangu ile ajali ya pikipiki.

Nilikuwa nimemwambia kwa simu kwamba yangu imekufa, na kazi yangu ya kusikiliza mahojiano na kuyaandika haingoji mtu. Akasema chuma hakina kosa. Chukua ulishe mtoto.

Imewaka! Nilijiandaa kulia, sikulia. Nilikuwa nimesahau kwamba ndani yake aliweka kompyuta nyingine, Windows ya zamani inayoendeshwa ndani ya dirisha, kwa sababu programu yake ya kurekodi haikubali mpya. Iko pale, imepewa jina lake lilivyo. Pembeni imeandikwa: imesimamishwa. Haijazimwa. Imesimamishwa tu.

Nimebandika plasta kwenye skrini juu ya jina kabla Yeyo hajaliona.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeiamsha. Laptop nzima ikakwama, feni ikaunguruma kama posho mill ya kusaga mahindi. Kisha dirisha likafunguka polepole, na saa ya ndani bado inasoma ile Ijumaa ya ajali. Ile Ijumaa yenyewe!

Programu yake iko wazi. Wimbi la sauti limechorwa, refu, na juu yake: haijahifadhiwa.

Najua ni nini. Nilikuwa na mimba kubwa. Alifunga mlango akasema anataka kuongea na huyo aliye tumboni, amwambie jina alilomchagulia na sababu yake. Simu ikalia. Akafunika laptop, akatoka, akasema anarudi sasa hivi. Jina la Nashipae aliniambia tukiwa tumekaa hivi hivi, lakini sababu alisema atampa mtoto mwenyewe.

Mtoto hajawahi kusikia sauti ya babake hata mara moja. Iko humo. Nikijaribu kusogeza mshale hausogei. Nimeogopa, nikaisimamisha tena.

Alhamisi, 7 Agosti

Kwa Kaloki, fundi wa pale karibu na stage ya matatu. Mkamba mwenzangu, mdomo mrefu lakini kazi anajua. Nilimwomba aongeze memori, akaifungua akatikisa kichwa: imechomelewa kwenye bodi, haiongezwi.

"Hii laptop iko na gig nane," akasema. "Hiyo mashine ya ndani inachukua sita. Mbili ndio imebaki ya kila kitu kingine, na wewe umefungua browser na kazi yako yote."

Nikasema basi tuipunguzie hizo sita. Haiwezekani ikiwa imesimamishwa. Lazima izimwe kwanza, na ikizimwa, kile ambacho hakijahifadhiwa kimeenda.

Tukaiamsha kidogo. Kaloki akainama, pua karibu iguse skrini. Akanionyesha kidoa chekundu pembeni.

"Muthoki, hii haikuwahi kuacha kurekodi. Ililala ikirekodi. Kila ukiiamsha inaendelea palepale, na yote inaiweka kwa memori. Ikijaa, inakufa na kila kitu."

Kumbe ile ya juzi imo pia. Chumba changu, pumzi yangu, zimeshonwa kwenye mkia wa sauti yake. Waya wa maiki bado umechomekwa kama alivyouacha, maana ile maiki ya laptop yenyewe ilikufa zamani.

Ushauri wake: funga kila kitu kingine, iamshe, simamisha kurekodi, hifadhi. Na nisiiamshe ovyo ovyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Mimi ni mjinga.

Yeyo alikaa nami mezani tukichambua sukuma, na plasta ikawa imeanza kubanduka. Nikaona aibu. Alipoenda kuanika nguo nikaingia kwenye folda ya ile mashine na kubadilisha jina. Nikaandika "Baba Nashipae". Nikaona nimefanya heshima.

Sasa imegoma. Kwenye orodha ipo, ila inasema haipati kitu chake. Nimejaribu tena na tena. Nimempoteza mara ya pili, na safari hii ni mimi mwenyewe.

Jumapili, 10 Agosti

Sikuenda kanisani. Kaloki hashiki simu. Yeyo ameniuliza kama ninaumwa, nikasema ni kichwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Kaloki ameshika! Akacheka kwanza, mbwa yeye. Halafu akasema hakuna kilichofutika. Ile mashine inatafuta memori yake kwenye folda yenye jina lile lile la kwanza, na mimi nimelitoa. "Rudisha jina lake vile lilikuwa. Herufi kwa herufi."

Yeyo alikuwa jikoni, mgongo umenielekea. Nimeliandika. Miaka miwili vidole vyangu havijaliandika. Nilijihisi kama nimepiga kelele kwenye nyumba ya watu waliolala.

Ikaamka.

Na hapo hapo Yeyo, bila kugeuka, akiwa na mwiko mkononi, akasema: "Iko."

Hivyo ndivyo mwanamke wa Kimaasai anavyoitikia akisalimiwa takwenya. Mlango ulikuwa umefungwa. Redio imezimwa. Nashipae alikuwa kwa jirani Florence. Hakuna mtu aliyesalimia. Spika za laptop nilikuwa nimezizima kabisa.

Nikamuuliza anamwitikia nani. Akakoroga uji. Akasema mtu akisalimiwa anaitikia, kwani nyinyi kwenu mnafundishwa nini?

Nikaisimamisha haraka. Lakini kabla haijalala niliona wimbi kwenye skrini. Kuna kilima kidogo cha sauti, ambacho ni Yeyo. Na kabla yake kuna kingine. Mimi sikusikia kitu.

Jumatano, 13 Agosti

Kaloki anasema itakuwa ni feni, au maiki imezeeka. Nilimuuliza kama feni inasalimia watu kwa Kimaasai. Akasema nisimletee mambo ya jioni asubuhi.

Kipimo kinasema ile mashine imebakiza nafasi kidogo sana ndani. Kuiamsha ni mara moja tu, basi. Nimemweleza Yeyo yote, hata lile la jina. Nilitegemea akasirike. Alitoka nje akasimama akitazama upande wa Bisil, shuka likipigwa na upepo. Aliporudi aliuliza kitu kimoja: huyo mtoto atasikia?

Nikasema nikibahatika.

Naogopa. Naogopa ikikatika, na naogopa isipokatika.

Alhamisi, 14 Agosti

Mchana mweupe, upepo unapiga mabati. Naandika kwa daftari maana sithubutu kufungua chochote kingine. Nimefunga browser, kazi, wifi, kila kitu. Laptop iko na ile mashine peke yake.

Nimeiamsha. Nimesimamisha kurekodi. Kidoa chekundu kimezimika — asante Mungu. Nimebonyeza kuhifadhi. Mstari wa kijani ukaanza kujaa, ukapita nusu, ukasimama.

Umesimama kabisa. Memori iliyobaki ni kama hakuna. Feni inalia. Nimempigia Kaloki, anasema usiguse, usifunge, ikikatika hapo imeenda na hairudi.

Nimekaa na mikono kichwani. Nimeomba. Hata hivyo haujasonga.

Yeyo ametoka jikoni anajifuta mikono. Amevuta kiti. Ameibandua plasta kwa ukucha, akasoma kilichokuwa chini yake, midomo ikisogea. Kisha akalitaja. Yeye, ambaye nimemwona akimnyamazisha padri kwa sababu ya jina hilo! Akalisema kwa sauti ya kawaida, kama anamwita mtu aliye zizini.

"Lemein. Umeongea ya kutosha. Sasa achia mtoto yake."

Kipimo cha memori iliyotumika kimeshuka. Sijafunga kitu, sijagusa kitu, nimekiona kwa macho yangu kikishuka. Kijani kikasogea. Kikafika mwisho. Faili ipo. Imehifadhiwa!

Nimelia sasa. Nimelia hadi Yeyo akaniambia nifute pua.

Nimechomoa waya wa maiki ili nisiharibu tena. Uko hapa mapajani mwangu. Kidoa chekundu bado kimezimika. Ila wimbi halijaacha kujichora. Linaenda polepole, juu kidogo, chini kidogo, kama mtu anayehema akingoja zamu yake kuongea.

Yeyo analiona pia. Hakushtuka. Ameweka kiganja chake juu ya laptop, vile anavyoweka kwenye kichwa cha mtoto aliyeinama kumwamkia, na feni imenyamaza.

Nimetaka kubonyeza tusikie. Amenishika mkono. Anasema si sisi tulioongeleshwa, mwite mwenyewe kwanza.

Nimemwita Nashipae kwa dirisha, yuko kwa jirani. Florence ameitikia kwamba mtoto anakuja. Nasikia viatu vyake vidogo kwenye koridoo sasa, anakimbia — na kwenye skrini, kabla hajafika mlangoni, wimbi limeanza kupanda.